Diski Isiyoshika Sumaku

Gurudumu la mbele la ile pikipiki nyekundu nililitoa mara sita. Kila nilipolitoa nilijiambia hii ni ya mwisho, na kila mara niliyemlaani kimoyomoyo alikuwa mtu yule yule: Papa Constantin, fundi wa kukereza vyuma, namba ya kazi 417, jirani yangu wa mkono wa kulia hapa Kikula, mjini Likasi.

Kumlaani kwa sauti sikuweza. Nani angethubutu? Mimi ni fundi pikipiki wa uani, nina mabati manne, sanduku la spana na mlango mmoja. Yeye mwaka ule wa 1985 alikuwa ametimiza miaka thelathini na miwili mbele ya mashine yake katika karakana ya kampuni. Baba yake alikuja kutoka Kasai kwa treni, mwajiriwa wa mgodi, na yeye akazaliwa kambini Panda. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina jingine la kiasili, kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini sikuwahi kumsikia mtu akimwita hivyo. Alikuwa Papa Constantin, basi. Kila kitu alichokikereza alikigonga alama ndogo kwa nyundo, C 417, iwe vali ya kiwanda cha asidi au mguu wa kiti cha mkewe. Kisicho na alama hiyo hakikuwa chake, na alikuwa tayari kukuambia kwa nini ni kibovu.

Tena alikuwa na sumaku. Ndogo, nyeusi, aliyoitoa kwenye redio iliyokufa, imefungwa uzi na kukaa mfuko wa shati pamoja na rozari. Sharti nieleze habari ya sumaku hii, maana ndiyo iliyotutesa. Katika viwanda vya Shituru asidi inakula chuma cha kawaida kama mchwa unavyokula mlango. Kinachodumu ni inox peke yake, chuma kinachong'aa kisichoota kutu. Na inox ile ya viwandani haishiki sumaku. Kwa hiyo mafundi walikuwa na kipimo chao: weka sumaku juu ya chuma. Ikianguka, chuma ni kizuri. Ikinata, klik, umedanganywa, ni fer, chuma cha bure, tupa. Papa Constantin aliitoa kanuni hiyo kiwandani akaishi nayo. Alipima masufuria sokoni hadi akina mama wakawa wanafunika bidhaa wakimwona anakuja. Alipima vijiko vya harusi ya mpwa wake, mbele ya wakwe. Siku ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa jirani alipima msalaba. Klik. Mtoto alilia.

Sasa pikipiki. Ilikuwa ya binti yake wa mwisho, Suzanne, mkunga. Ofisi ya afya ya misheni ilimpa pikipiki ya 125, iliyokwisha kutumika lakini nzuri, yenye breki ya diski mbele, ili awafikie wanawake wa Kamatanda na Kakontwe. Mwanamke juu ya pikipiki! Mtaa mzima ulitoka kutazama. Lakini Sœur Adrienne, mtawa aliyesimamia magari ya misheni, alimpa kwa sharti. Jumatatu inayofuata sikukuu ya Watakatifu Wote angekuja kuikagua yeye mwenyewe. Ikiwa haiko sawa, inakwenda kwa muuguzi mmoja wa Kakanda, na Suzanne anarudi kwenye wodi ya mjini. Suzanne hakutaka kusikia habari ya wodi. Kule Kamatanda alikuwa amemkuta mwanamke aliyesubiri gari siku mbili na mtoto amekwama. Hakupenda kusema kilichotokea baadaye, nasi hatukumuuliza.

Mwezi wa nane aliingia uani kwangu uso umekunjamana, akaniita yaya, yaani kaka, kama kawaida yake.

"Yaya Germain, nikifinya frein, ile breki, mukono yote inatetemeka. Na moto, pikipiki yenyewe, inaenda tu."

Niliinua gurudumu la mbele juu ya kreti la bia. Nikafunga kipande cha waya kwenye uma unaoshika gurudumu, ncha yake karibu na diski, karibu kabisa bila kugusa, nikazungusha gurudumu polepole. Ule upenyo kati ya waya na diski ulifunguka, ukafunga, ukafunguka. Maana yake diski imepinda. Nikapitisha ukucha juu yake: mifereji, na ukingoni kumesimama ukuta kabisa. Nikapima unene. Wenye kuitengeneza wameandika juu ya diski yenyewe kwamba isipungue milimita tatu na nusu. Ilikuwa na tatu. Vile vibao viwili vinavyoibana, plaquettes, vilikuwa vimebaki karatasi.

"Disque imekwisha," nikamwambia. "Na plaquettes nazo. Haina kutengeneza, ni kubadirisha."

Kuchagua diski si kuchagua nyanya. Nililaza ile ya zamani juu ya karatasi ya mfuko wa saruji ya Kakontwe, nikaichora kwa penseli: upana wote, tundu la katikati, matundu sita ya bolti na nafasi kati yao. Kando nikaandika unene wa mpya unaotakiwa, na kina cha sahani yake, kwa sababu ikizidi milimita mbili tu haitaingia katikati ya plaquettes. Karatasi nikaipeleka kwa binamu yangu Camille, Lubumbashi. Baada ya wiki mbili diski ikaja kwa treni, imefungwa karatasi ya mafuta, rangi ya kijivu kilichofifia. Nikailaza juu ya mchoro. Matundu yote sita yalikaa. Nilifurahi peke yangu kama mjinga.

Papa Constantin akatokea upande wa ua, bado na kofia ya kazi.

"Ile njo disque ya mutoto wangu?"

"Njo ile, Papa. Imetoka Lubumbashi."

Akatoa sumaku, akaishusha kwa uzi. Klik.

Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Germain, mwana. Sikiya. Ile ni fer. Balikuuzisha fer. Na weye unataka kuweka fer kwa moto ya Suzanne?"

Sasa niseme ukweli wangu, maana nikimlaumu yeye peke yake nitakuwa mwongo. Na mimi niliamini. Baba yangu naye alifanya kazi Shituru. Hapa Likasi nani hajui kwamba chuma kizuri hakishiki sumaku? Nilisikia ile klik na moyo ukaanguka. Nilimtukana Camille, maskini, na aliyemuuzia, na ukoo wake.

Papa Constantin hakuishia hapo. Alisema diski ya namna hiyo ikibaki nzima, kesho mwingine ataiokota na kumfungia mtoto wa watu. Akaiweka kwenye jiliwa langu la kubania vyuma akaikata vipande viwili kwa msumeno wa mkono. Alitoka jasho. Meno ya msumeno yalikatika, akabadili, yakakatika tena. Chuma cha bure kinachovunja misumeno miwili! Mtu mwenye akili angejiuliza. Sisi hatukujiuliza chochote.

"Minye mwenyewe nitamufanyia," akasema akipangusa uso. "Inox ya kweli."

Na alifanya, siwezi kumnyima sifa yake. Aliomba kwa mkubwa wake kipande cha bamba lililotupwa, akapewa na karatasi yenye muhuri wa kutokea getini, akakereza siku tatu baada ya kazi. Diski ile iling'aa ukaweza kunyolea ndevu mbele yake. Sumaku iliteleza juu yake ikaanguka. Pembeni: C 417. Niliifunga na plaquettes mpya, Suzanne akazunguka mtaa, akasimama pale alipotaka kusimama. Papa Constantin alitembea jioni ile kama mtu aliyebatizwa upya.

Siku nne. Siku ya tano Suzanne alirudi.

"Inatetemeka tena. Kushinda ile ya mbele."

Nikatoa gurudumu mara ya pili. Nilitafuta kosa langu, maana niliambiwa kosa ni langu. Nilipima ekseli: imenyooka. Beringi nilizibadili ingawa hazikuwa na neno. Nilisafisha pistoni ya breki, nikabadili mafuta yake, nikatoa hewa. Kwenye plaquettes nilikuta vipande vidogo vya chuma vimejibandika, vinang'aa, vimeng'oka kwenye diski. Nilivionyesha.

"Plaquettes yako ni mubaya," akasema Papa Constantin.

Mara ya tatu nikatoa diski yenyewe, akaenda nayo karakana akaipima kwenye mashine yake. Akairudisha mbio, kidole juu. "Droit! Imenyooka kabisa! Weye njo unakaza boulons mubaya. Unakaza moja, moja, kwa kuzunguka. Kaza kwa kupishanisha!"

Miaka kumi na minne nakaza bolti kwa kupishanisha. Nilimjibu nini? Nilisema ndiyo, Papa. Nikazikaza mbele yake, kwa kupishanisha, kama mwanafunzi. Siku tatu, ikatetemeka.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kweli. Nikiipima asubuhi diski imenyooka. Suzanne akirudi barabarani, mpini wa breki unadunda mkononi mwake. Nikadhani labda ni yeye. Nikapanda mwenyewe, nikashuka mteremko wa kuelekea Kamatanda mara mbili nikifinya breki, na nilipofika chini nikaweka waya palepale barabarani, diski ikiwa ya moto hata mate yanalia juu yake. Upenyo ulifunguka ukafunga, wazi kama mdomo wa mtu. Nusu saa baadaye, imepoa, hakuna kitu. Ikipata moto inapinda, ikipoa inanyooka! Nilikimbia kumweleza.

"Inox haipinde," akasema, na kuendelea kula.

"Papa, nimeona na macho."

"Nilikereza inox hata weye mbele ya kuzaliwa. Haipinde."

Nilitoka pale nikapiga teke kreti langu mwenyewe. Angalau kreti halinijibu.

Akafanya ya pili, nene zaidi kidogo. Ndiyo mara ya nne ya gurudumu. Hiyo ilidumu wiki moja, nasi tukaanza kusema tumepona. Kisha Jumatano, siku mbili kabla ya Watakatifu Wote, Suzanne alikuwa anashuka ule mteremko na mbuzi wakakatiza. Alifinya. Uma ukatikisika, plaquettes zikasukumwa nyuma, mpini ukaingia mpaka mwisho bila kukamata. Aliwakwepa mbuzi akaingia majanini, mfuko wa vifaa ukatawanyika, kiwiko na goti vikachunika. Aliisukuma pikipiki kwa miguu hadi kwangu.

Papa Constantin alifika akihema, ameitwa kutoka kazini. Alipoona bandeji, midomo ilimtetemeka, na mtu huyo midomo ikimtetemeka hugeuka mkali.

"Germain! Unataka kuniulia mutoto?"

Na mimi, mara ya kwanza, nikapandisha sauti. "Minye? Ni disque yako, Papa! Yako! Iko na namba yako!"

Tulipigiana kelele mpaka majirani wakaja. Yeye bolti, mimi diski, yeye plaquettes, mimi moto. Nilitoa gurudumu mara ya tano huku nikipayuka, spana ikaniteleza ikanichuna vidole. Suzanne alikuwa ameketi juu ya tairi, mguu umenyooka, anatutazama sisi wawili kwa uchovu ule wa watu wanaokesha na wagonjwa.

"Papa," akasema, "ile disque ya kwanza, yenye ilikuya na moto, iko wapi?"

Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari ukutani. Nilikuwa nikiitumia kama kengele ya kuita wateja waliosinzia.

"Ile imekufa," akasema baba yake. "Juu ya nini?"

"Kwetu, mwanamuke akikuya na mimba ya pili, tunauliza mbele: ya kwanza ilikuwa namna gani? Hii ya kwanza ilitembea miaka mingapi bila neno? Ulipima na sumaku?"

Hakuwa ameipima. Wala mimi. Kwa nini upime kilichokufa? Suzanne alinyoosha mkono wenye bandeji, akachomoa uzi mfukoni mwa baba yake, akasimama akichechemea hadi ukutani. Sumaku ilikuwa bado haijafika, iliruka yenyewe.

Klik.

Papa Constantin aliisogelea ile diski, akaibandua sumaku, akaiweka tena mahali pengine. Klik. Akazunguka nayo yote, tundu kwa tundu. Klik, klik, klik. Nami nikatazama chini ya meza yangu, palipokuwa na vipande viwili vya diski ya Lubumbashi, na misumeno miwili isiyo na meno. Nikaelewa, na najisikia vibaya mpaka leo. Inox si moja. Ile ya asidi ni laini, inastahimili asidi lakini haistahimili moto wa breki. Ya breki ni ngumu, na inashika sumaku. Tulikuwa na dawa mkononi tukaikata wenyewe kwa sababu ilikuwa nzuri.

Niliomba nyingine kwa Camille, jibu likaja Alhamisi kwa dereva wa lori: hakuna nyingine, labda mwezi wa kwanza. Jumatatu ilikuwa mlangoni.

Papa Constantin hakuniaga wala hakuniomba radhi. Alikwenda kwenye karakana ya mbao ya misheni akaomba msumeno wa duara uliokwisha meno, chuma kigumu cha kijivu. Aliupasha moto, akauacha upoe ndani ya majivu uwe rahisi kutobolewa, akakereza Ijumaa ya sikukuu badala ya kwenda misa, yeye, mtu wa rozari. Jumamosi jioni alinikabidhi diski ndani ya gazeti. Niliigeuza nikitafuta alama. Hapakuwa na alama.

"Ni fer," akasema bila kunitazama. "Itakula kutu. Bakikuuliza, sema uliinunua."

Niliifunga. Ilikamata vizuri, barabara baridi, barabara moto, mteremko mzima. Waya haukuonyesha kitu. Jumapili Suzanne alicheka kwa mara ya kwanza katika miezi miwili. Halafu usiku mvua ikanyesha.

Jumatatu asubuhi Sœur Adrienne aliingia uani na daftari lake. Aliinama mbele ya gurudumu. Diski ilikuwa nyekundu tupu, kutu kila mahali, kana kwamba tuliiokota mtoni.

"Na hii?" akasema. "Disque imeoza. Suzanne, ulinihakikishia imetengenezwa."

"Ma Sœur, inakamata muzuri..."

"Ninaona kwa macho yangu." Akafungua daftari. "Nani aliweka hiki kitu?"

Alinigeukia mimi. Nilikuwa nimeambiwa cha kusema: niseme nimeinunua. Lakini nilikuwa nimechoka na nina hasira, vidole vyangu vina vidonda, nikafunga mdomo makusudi. Nilitaka kuona atafanya nini. Kalamu ikagusa karatasi. Suzanne alitazama chini.

"Minye, ma Sœur."

Papa Constantin alikuwa amesimama mlangoni, na kofia mkononi. "Minye njo niliifanya. Constantin, tourneur, fundi wa kukereza. Ile kutu ni ya yulu tu, haikuingia ndani. Ile ya kung'aa njo ilimuangusha mutoto wangu, na ile nayo niliifanya minye."

Nadhani hakuwahi kusema maneno kama hayo tangu alipoajiriwa. Jasho lilimtoka kana kwamba anakata tena ile diski. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alipanda pikipiki nyuma ya binti yake, yeye aliyeapa kwamba hatakaa kwenye kitu chenye magurudumu mawili, akamshika mabega.

"Enda, mwana. Enda kwa mbio. Simama kwa miguu ya ma Sœur."

Suzanne alikwenda hadi kona, akageuka, akaja kwa kasi iliyonifanya nishike ukuta. Sœur Adrienne hakuondoka mahali pake, naye ana moyo. Breki ikakamata, pikipiki ikainama mbele, ikasimama hatua mbili kutoka kwenye viatu vyake, imenyooka, bila kutikisika hata kidogo. Sote tukatazama gurudumu. Pale plaquettes zilipopita, kutu ilikuwa imefutika.

Sœur alifuta alichokwisha kuandika, akaandika kingine. Saa hiyo hiyo Suzanne alikwenda Kamatanda.

Jioni nilikuwa nakusanya spana zangu, nikishukuru kwamba habari imekwisha, Suzanne amekwisha kurudi salama, Papa Constantin akaingia akiisukuma ile pikipiki. Mkononi alikuwa na nyundo ndogo na vyuma vyake vya kugongea C 417. Aliketi juu ya kreti langu, macho mekundu, akanionyesha gurudumu la mbele.

"Toa," akasema.

Sikumuuliza kwa nini. Nilitukana kidogo, nikachukua spana, nikalitoa.